Alphonse Desjardins, Baba wa Hazina ya Wanyonge

Wapo watu wadhanio kwamba mtu wa fedha na mtu wa haki hawawezi kuwa mtu mmoja. Sisi hatusadiki hivyo. Yafaa kumkumbuka bwana mmoja wa mji mdogo ng'ambo ya bahari, aliyetunza senti za jirani zake pasipo kuwadhulumu, na akalea watoto kwa heshima.

Alphonse Desjardins alizaliwa tarehe 5 Novemba 1854 mjini Lévis, nchini Kanada, mahali panapotazamana na jiji la Québec, mto Saint-Laurent ukipita katikati. Alikuwa mtoto wa nane kati ya watoto 15, na wazazi wake walikuwa maskini. Alisoma katika chuo cha mji huo, kisha akafanya kazi ya kuandika magazetini. Mwaka 1879 alimwoa Dorimène Roy, wakajaliwa watoto kumi. Tangu 1892 hata 1917 aliajiriwa katika Bunge la Ottawa, akiandika kwa hati mkato hotuba zilizotolewa kwa Kifaransa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, na kwa kusikiliza alipata wito wake.

Mwezi wa Aprili 1897 mbunge mmoja alisimulia habari ya mtu wa Montréal aliyekopa dola 150, naye akahukumiwa kulipa riba ya dola 5,000. Wengi waliisikia habari hiyo wakaisahau, Desjardins hakuisahau. Kwa miaka mitatu alichunguza jinsi wakulima na mafundi wa Ulaya walivyoungana kuweka akiba na kukopeshana. Aliandikiana barua na Henry Wolff wa Uingereza, aliyekuwa ametunga kitabu juu ya benki za watu wa kawaida, akajifunza pia mambo aliyoyaanzisha Raiffeisen huko Ujerumani.

Tarehe 6 Desemba 1900, watu zaidi ya mia moja wa Lévis walikutana wakaanzisha chama walichokiita Caisse populaire, yaani hazina ya watu. Tarehe 23 Januari 1901 ilipokea fedha kwa mara ya kwanza. Aliyetangulia alitoa senti kumi tu, na jumla ya siku ile ilikuwa dola 26 na senti 40. Mwenye benki kubwa angaliicheka.

Lakini tuangalie kanuni zake. Hisa moja ilikuwa dola tano, na maskini aliruhusiwa kuilipa kidogo kidogo. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa moja au nyingi. Mkopo ulitolewa kwa mwanachama tu, baada ya wenzake kupima haja yake na mwenendo wake. Kwa sababu hiyo Desjardins alitaka kila hazina ikae ndani ya mipaka ya parokia: huko watu hujuana, nao wajua nani mchapa kazi na nani mlevi. Dhamana ya kwanza ya mkopaji ilikuwa jina lake jema.

Hata hivyo, hatari ilikuwa kubwa. Hapakuwa na sheria iliyokitambua chama cha namna ile. Hazina ingalianguka, wadai wangaliweza kuishika mali ya mwanzilishi mwenyewe. Je, ni haki baba wa watoto kumi kuuhatarisha mkate wa wanawe kwa ajili ya jirani? Swali hilo si dogo, na hofu yake iliingia nyumbani mwao.

Tukitazama alivyotenda, twaona jibu lake. Hakumficha mkewe jambo hilo, bali alimshirikisha. Katika miaka ya mwanzo ofisi ya hazina ilikuwa nyumbani kwao, na wakati wa vikao vya Bunge, mume akiwa mbali Ottawa, Dorimène ndiye aliyepokea fedha, aliyetunza vitabu, aliyewajibu wanachama, huku akilea watoto. Tena Desjardins hakukaa akingoja bahati. Aliwaendea wakubwa akiomba sheria, naye Askofu Mkuu Louis-Nazaire Bégin wa Québec alimwunga mkono. Mwaka 1906 Bunge la jimbo la Québec liliipitisha sheria hiyo. Sheria ya nchi nzima ilipita katika Bunge la Ottawa mwaka 1908, lakini ikashindwa katika Seneti kwa kura moja. Hakukata tamaa.

Alizunguka parokia kwa parokia, akianzisha hazina pamoja na mapadre na walei. Mwaka 1908 aliitwa Manchester, katika jimbo la New Hampshire, Marekani, akasaidia kuanzisha hazina katika parokia ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1913 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi alimtunukia cheo cha Kamanda wa Nishani ya Mtakatifu Gregori Mkuu. Baada ya hapo maradhi yalimpunguzia nguvu, naye alifariki Lévis tarehe 31 Oktoba 1920. Aliacha hazina zaidi ya mia moja katika Québec, na nyingine Ontario na Marekani. Dorimène aliendelea kuwa mshauri wa kazi hiyo hata alipofariki mwaka 1932.

Kutoka Marekani ya Kaskazini mbegu ile ilifika mabara mengi. Vyama vya kuweka na kukopa tulivyo navyo Tanzania na Kenya ni wa ukoo huo. Basi, kila aliyekabidhiwa daftari la chama, na kila mwanachama anayedaiwa, ajue kwamba anashika kitu kilichojengwa juu ya uaminifu. Nasi wazazi tusiweke siri katika mambo ya fedha, mume na mke. Nyumba ile ya Lévis ilihimili mzigo mzito kwa sababu waliubeba wawili.