Askofu Adolphe Lechaptois, Mwandishi wa Habari za Wazee Wetu

Katika Yubilei hii imetupasa kumkumbuka Askofu Adolphe Lechaptois. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1852, akaingia Shirika la Mapadre Weupe. Mwaka 1889 aliongoza wamisionari hata Mponda, kusini ya ziwa Nyasa. Mwaka 1891 akakabidhiwa Vikarieti ya Tanganyika, akakaa Karema, penye boma la Wabelgiji walilopewa mapadre mwaka 1885. Huko, mwaka 1907, aliwaanzisha Masista wa Maria Malkia wa Afrika.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Shirika, aliwaagiza wanawe wajifunze lugha za watu waliotumwa kwao. Tena ajuaye lugha husikia na hadithi. Wazee wa Ufipa walisimulia jinsi mtawala wa Milansi alivyotoka kwenda kuwinda, na nyuma yake wakaja wanawake wageni, wakatwaa enzi. Kwao ukatokea ukoo wa wafalme Watwa; naye mwenye nchi akaachiwa Milansi na heshima yake ya kale. Habari za namna hiyo zilikaa vinywani mwa wazee, na mzee akifa, huzikwa nazo.

Basi Askofu alizikusanya habari za makabila ya ufuoni na za Ufipa, desturi zao na imani zao, akaziandika katika kitabu kiitwacho Aux rives du Tanganika, kilichopigwa chapa Algeria mwaka 1913. Hakukawia bure, kwani mwaka wa pili vita vikaanza. Mwaka 1916 Wadachi walifukuzwa Ufipa, na tarehe 30 Novemba 1917, vita vikali vingaliko, Askofu alifariki dunia huko Karema. Lau angaliahirisha kazi ile, mengi yangalipotea pamoja naye.

Lakini kitabu kile aliwaandikia watu wa kwao, kwa Kifaransa. Wazee waliosimulia wasingaliweza kukisoma. Hapo ndipo alipotuachia sisi sehemu yetu ya kazi. Enyi walimu, nanyi wazazi, Kifipa si lugha ya kigeni kwenu. Kaeni na wazee wangali hai, sikilizeni hadithi na mithali zao, mziandike kwa maneno yao wenyewe, mpate kuwasomea watoto. Mgeni aliyetoka mbali aliona zina thamani. Itakuwa aibu wenyeji tukiziacha zife.

Mungu ampe raha ya milele. Amina.