Padre David Clement: Mmisionari Aliyehifadhi Urithi wa Wasukuma



Padre David Clement alikuwa mzaliwa wa Quebec, Kanada, na mwanashirika wa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Alitumwa Usukumani, na huko Bujora, karibu na Kisesa, si mbali na Mwanza, wenyeji walimpa jina la Fumbuka.

Enzi hizo wengi waliihesabu ngoma kuwa upagani mtupu, na aliyebatizwa alitazamiwa kuiacha. Mwamini alibaki njia panda: amfuate Kristo, au abaki Msukuma? Padre Clement hakukubali kwamba lazima achague. Katika miaka ya 1950 aliwakusanya wazee na vijana katika kamati ya utafiti, wakachunguza mila na kutunga nyimbo za ibada kwa Kisukuma, zenye mahadhi ya kwao. Kanisa la Bujora likajengwa kwa umbo la duara, altare ikafanana na kiti cha enzi cha mtemi, na tabernakulo ikawa mfano wa nyumba ya Kisukuma.

Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yaliyoandamana na dawa za kienyeji, hakuyalaani tu. Aliyakaribisha katika Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Ndiyo Bulabo ya kila mwaka.

Mwaka 1963 serikali ilipofuta utemi, ngoma na viti vya watemi vilikabiliwa na hatari ya kupotea. Padre Clement na wenzake walivikusanya, na mwaka 1968 Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa. Humo mna nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, na jengo la watemi lenye umbo la kiti cha enzi. Nyumba ya mganga kuwemo humo si kubariki ramli. Kuhifadhi ni kujua tulikotoka, ili Injili itakase kinachohitaji kutakaswa na kukikamilisha kilicho chema.

Padre Clement alifariki mwaka 1986. Mgeni kutoka mbali alikithamini tulichokidharau sisi wenyewe. Wapendwa, kabla kigoda cha bibi hakijawa kuni, na kabla mzee anayezijua nyimbo hajazikwa nazo, tuketi naye tumsikilize. Imani isiyopata makao katika utamaduni wa watu hubaki mgeni nyumbani mwao.