Nagenda Hakuwatupa Kondoo



Mwezi jana nilikosea madhabahuni huko Kakuma. Nilihubiri juu ya viongozi wa kanisa fulani waliokula sadaka, kisha ulimi ukateleza, nikawaita washirika wao wote wajinga. Kumbe mama mmoja wa kanisa hilo alikuwa ameketi hapo kama mgeni. Aliondoka bila kunisalimu. Safari yote ya kurudi Lodwar sikuwa na amani, na ndipo nikamkumbuka William Nagenda.

Nagenda alizaliwa Buganda mwaka 1912, akawa karani wa serikali kule Entebbe. Baada ya kuokoka aliacha hiyo kazi nzuri akaenda Gahini, Rwanda, ambako moto wa uamsho ulikuwa unawaka. Mwaka 1940 akaingia chuo cha kanisa cha Mukono, Uganda, asomee ukasisi.

Huko aliona cheo kipo lakini dhambi haiguswi. Yeye na wenzake wakawa wanaamka usiku wa manane kuomba, na kuhubiri waziwazi juu ya dhambi ndani ya chuo na kanisa. Uongozi ukawakataza, wao wakaendelea. Oktoba 1941 wanafunzi 26 wakafukuzwa, Nagenda akiwa mmoja wao. Hakuwahi kuwekewa mikono awe kasisi.

Sasa hapa ndipo nilipoguswa. Mimi nilisomea biashara. Ningekuwa yeye, ningefungua kanisa langu kesho yake, maana watu walikuwepo. Nagenda alibaki. Aliendelea kuketi na waumini wa kawaida wa kanisa lilelile la Anglikana, akahubiri bila kola Afrika Mashariki, Ulaya na hata India, mpaka akalala mwaka 1973. Na kutoka kwa uamsho huohuo wakaja kutoka maaskofu, kama Festo Kivengere.

Ndugu zangu, kiongozi akikosea aambiwe. Hesabu ya sadaka isipoeleweka, ulizeni, hata kwangu mimi. Lakini yule mama anayetoa shilingi yake kwa imani hakuiba kitu. Tukimtukana, tunamwibia mara ya pili.

Jumamosi narudi Kakuma kumtafuta nimwombe msamaha. Mniombee.

Somo la nyumbani: Ezekieli 34. Angalieni Mungu anaanza kumkemea nani, na anamtafuta nani.