Félix d'Hérelle, aliyegundua adui wa bakteria

Tukizungumzia kuhara damu kwenye kipindi cha afya, wasikilizaji huuliza kwa nini dawa za zamani siku hizi zinagoma. Leo tunaeleza maisha ya mtu aliyeona njia nyingine ya kuua bakteria, miaka zaidi ya 100 iliyopita.

Félix d'Hérelle alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1873. Hakuwa na shahada. Elimu ya bakteria alijifunza mwenyewe. Alifanya kazi Guatemala na Mexico, kisha Taasisi ya Pasteur, Paris.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kuhara damu kulizuka kwa askari wa Ufaransa. D'Hérelle alichuja kinyesi cha wagonjwa kwa chujio lisilopitisha bakteria. Majimaji yaliyopita akayatia kwenye supu iliyojaa bakteria wa ugonjwa huo. Supu ile nzito kama togwa ikawa angavu: bakteria wamekufa.

Je, ilikuwa sumu? Akachukua tone la supu hiyo, akatia kwenye chupa nyingine yenye bakteria, kisha tone la hiyo kwenye nyingine, na nyingine tena. Sumu ikizimuliwa hivyo huisha nguvu. Hii haikuisha. Akajua ni kitu hai kinachozaliana, na kinazaliana ndani ya bakteria. Mwaka 1917 akakitangaza na kukiita bakteriofaji, yaani mla bakteria.

Sasa tunajua kinavyozaliana. Kirusi hiki hunata kwenye ukuta wa bakteria na kuingiza vinasaba vyake. Ganda hubaki nje. Vinasaba humgeuza bakteria kuwa kiwanda cha kutengeneza virusi vipya. Kwa baadhi ya aina, baada ya nusu saa hivi bakteria hupasuka, na virusi zaidi ya 100 hutoka kutafuta bakteria wengine. Aina nyingine hujificha kwanza ndani yake, zikisubiri.

Mwaka 1919, hospitali ya watoto Paris ilikuwa na mvulana aliyezidiwa na kuhara damu. D'Hérelle na madaktari wenzake walikunywa dawa hiyo wao kwanza. Hawakudhurika, ndipo wakampa mtoto, akapona.

Baadaye alipambana na kipindupindu India, akafanya kazi Georgia na rafiki yake Giorgi Eliava, aliyeuawa na serikali ya Stalin mwaka 1937. Wanasayansi wengi walimpinga hadi hadubini za elektroni zilipovionyesha virusi hivyo. Alifariki mwaka 1949, wakati penisilini imeshateka dunia na kazi yake imewekwa kando.

Leo usugu wa dawa umeirudisha. Jirani zetu Nairobi, watafiti wa ILRI wamechunguza bakteriofaji za kupambana na salmonela ya kuku. Lakini kila aina huua bakteria wake tu, kwa hiyo si dawa ya kuagiza dukani. Ukihara damu nenda zahanati, na dawa utakayopewa maliza dozi. Na maji ya mfereji, hata yakiwa baridi na maangavu kutoka mlimani, chemsha kabla ya kunywa.