Katharine Cook: Muuguzi Aliyekataa Kubaki na Ujuzi Peke Yake

Hebu fikiria mama wa hapa Mwabungo ameshikwa na uchungu saa nane za usiku. Mtasaka tuktuk, mtakimbilia Msambweni, na muuguzi atakayempokea huenda alisomea pale pale KMTC. Kwako ni kitu cha kawaida, sivyo? Miaka 130 iliyopita haikuwa hivyo kabisa. Na mmoja wa waliobadilisha mambo alishuka meli hapo Mombasa, 1896.

Jina lake Katharine Timpson, muuguzi Mwingereza aliyezaliwa 1863, aliyetumwa na wamishenari wa CMS. Usidhani alipanda treni. Reli ya Uganda ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujengwa, kwa hivyo wakaenda na msafara, miezi kadhaa, hadi Buganda. Walifika Februari 1897. Mwaka huo huo Hospitali ya Mengo ikaanza, daktari akiwa Albert Cook, Katharine akiwa mkuu wa wauguzi. Wakaoana 1900. Mwaka 1902 radi ikapiga hospitali, ikateketea. Wakajenga upya, na kazi yake hiyo akaishika mpaka 1911.

Sasa piga hesabu nami. Wauguzi wachache wa Mengo wangezalisha wanawake wangapi katika Buganda nzima? Haitoshi hata ukikesha. Ndiyo maana Katharine akageukia kufundisha. Mwaka 1921 kikawepo chuo cha ukunga cha Lady Coryndon, kilichopewa jina la mke wa gavana. Wasichana wa Uganda walisoma, wakapata vyeti, wakatumwa kwenye vituo vya vijijini. Yeye akawa msimamizi wao, akizunguka kukagua vituo hivyo. Mwaka 1931 akaanzisha chuo cha wauguzi pia.

Lakini tusimpake asali mtu. Kazi hii ilisukumwa na hofu ya kaswende, ambayo wakoloni na wamishenari, mumewe akiwemo, walisema imejaa Buganda. Lawama nyingi wakabebeshwa wanawake. Baadaye watafiti walisema idadi ile ilitiwa chumvi, na kwamba baadhi ya wagonjwa yaelekea walikuwa na buba, ambayo haina uhusiano wowote na zinaa. Wanafunzi nao walibanwa na masharti makali ya kanisa kuhusu mwenendo wao.

Hata hivyo, wale wasichana ndio waliobaki na mama kijijini, usiku, bila daktari karibu. Katharine alifariki 1938. Jina lake liko vitabuni, ya kwao wengi hatuyajui.

Kwa hivyo kama umemaliza fomu four na unawaza uuguzi, lakini wenzako wanakwambia ni kazi ya kuosha vidonda tu, usibabaike. Muuguzi mmoja anayefundisha wenzake anaweza kufikia vijiji ambavyo hatavikanyaga maishani.