Bill Shankly na kombe la pili la Ulaya lililofundisha Liverpool kushinda

Liverpool ya Uingereza imechukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara 6. Lakini kombe la kwanza kabisa la Ulaya kuingia Anfield halikuwa hilo. Lilikuwa Kombe la UEFA, lile ambalo leo tunaliita Europa League, na liliingia mwezi wa tano mwaka wa 1973. Aliyelileta ni Bill Shankly, mtoto wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Katika maisha yake yote ya ukocha, hakupata kombe lingine la Ulaya zaidi ya hilo.

Katika nganda za Goma, Bukavu ao Bunia, timu kubwa ikikosa Ligi ya Mabingwa na kuangukia Europa League, mashabiki wake wanachekwa wiki nzima. Wanaambiwa kwamba timu yao inagombania matabishi siku ya Alhamisi, wakati wenzao wamekwisha kula. Shankly alipita njia hiyo hiyo kwa miaka mingi, na ndiyo iliyoifikisha Liverpool mahali ilipofika.

William Shankly alizaliwa tarehe 2 mwezi wa tisa 1913 huko Glenbuck, kijiji kidogo cha Ayrshire nchini Uskoti. Kwao walikuwa watoto 10, wasichana 5 na wavulana 5. Wavulana wote 5 walikuja kulipwa kwa kucheza kabumbu. Bill alitoka shuleni akiwa na miaka 14 na kuingia mgodini sawa na wengine wa kijiji chake. Alifanya kazi huko kwa muda wa miaka miwili, mpaka mgodi ukafungwa naye akabaki bila kazi. Mtu wa Kamituga ao wa Kolwezi hahitaji kuelezwa maisha ya namna hiyo: unakula kwa jasho la mwenzako na yeye anakula kwa jasho lako, kwa sababu chini ya udongo hakuna anayejiokoa peke yake. Shankly alibeba fikra hiyo mpaka kwenye kiwanja cha mupira, na hakuiacha hata alipokuwa maarufu.

Mwaka wa 1932 alianza kuchezea Carlisle United, na mwaka uliofuata akanunuliwa na Preston North End. Alikuwa kiungo mgumu, mwenye mapafu ya farasi. Mwaka wa 1938 alishinda Kombe la FA na Preston, na akachezea timu ya taifa ya Uskoti mechi 5 kabla vita kuu ya pili kulipuka. Vita hiyo ilikula miaka yake mizuri ya uchezaji. Kuanzia 1949 akawa kocha: Carlisle, Grimsby, Workington, kisha Huddersfield. Zote ni timu ambazo hazikuwa na pesa, na hakuna aliyemtabiria makubwa.

Mwezi wa kumi na mbili 1959 akaitwa Liverpool. Klabu hiyo ilikuwa katika divisheni ya pili, na mechi yake ya kwanza akiwa kocha ilipigwa nyumbani 4-0 na Cardiff City. Shankly hakuwafukuza wasaidizi aliowakuta. Aliwabakisha Bob Paisley, Joe Fagan na Reuben Bennett, na pamoja nao akawa anakaa katika chumba kidogo cha kuwekea viatu vya wachezaji, wakichambua mechi moja baada ya nyingine. Chumba hicho kilikuja kujulikana dunia nzima. Mwaka wa 1962 timu ikapanda daraja, na 1964 ikawa bingwa wa Uingereza.

Ubingwa huo ndio uliomfungulia Ulaya. Hapa inafaa kukumbusha namna mambo yalivyokuwa wakati ule. Kulikuwa na mashindano matatu. Kombe la Mabingwa lilikuwa la bingwa mmoja tu wa kila nchi, pamoja na yule aliyekuwa akilishikilia. Kombe la Washindi lilikuwa la wale waliochukua kombe la taifa lao. La tatu lilianza mwaka wa 1955 kwa timu za miji yenye maonyesho makubwa ya biashara, na mwaka wa 1971 likageuka kuwa Kombe la UEFA. Hili la tatu ndilo lililopokea timu ya pili, ya tatu na ya nne za Uingereza, za Ujerumani Magharibi, za Italia na za Hispania. Ukihesabu vizuri, utaona kwamba timu nzuri za Ulaya zilikuwa nyingi zaidi kule chini kuliko kule juu.

Kuanzia 1964 mpaka 1974, Liverpool ya Shankly ilicheza Ulaya misimu 10 mfululizo bila kukosa. Katika hiyo 10, Kombe la Mabingwa lilikuwa mara 3 tu. Misimu mingine 7 yote ilikuwa katika makombe yale mengine mawili, yanayodharauliwa.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mwezi wa kumi na moja 1964, Anderlecht ya Ubelgiji ilipokuja Anfield, Shankly aliwavalisha wachezaji wake nguo nyekundu kutoka juu mpaka chini, kwa sababu aliona zinawafanya waonekane wakubwa zaidi. Jezi ile nyekundu tupu tunayoijua leo ilizaliwa usiku huo. Lakini katika nusu fainali Inter ya Milano, iliyokuwa imefungwa 3-1 Anfield, ilishinda 3-0 kwake na kuwatoa.

Kisha yakafuata maumivu juu ya maumivu. Mwaka wa 1966 walifika fainali ya Kombe la Washindi mjini Glasgow, nchini kwao Shankly, na wakapoteza 2-1 mbele ya Borussia Dortmund katika dakika za nyongeza. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo, Ajax ya kijana Johan Cruyff iliwapiga 5-1 Amsterdam katika ukungu mzito. Ferencváros ya Hungaria ikawatoa 1968. Katika msimu uliofuata walilingana na Athletic Bilbao, ikabidi sarafu irushwe juu, nayo ikawaangukia wenzao. Mwaka wa 1969 Vitória Setúbal ya Ureno iliwatoa kwa goli la ugenini. Mwaka wa 1971 Leeds iliwazuia katika nusu fainali kwa goli moja tu.

Mtu mwingine angesema Ulaya si kwake, na angepeleka wachezaji wa akiba ili apumzishe wale wakubwa kwa ajili ya ligi. Ndivyo makocha wengi wanavyofanya hata leo, na ni hesabu mbaya. Shankly alichukua kila kipigo kama somo. Kabumbu ya Uingereza ilikuwa ya kukimbia mbele muda wote. Ulaya ilimfundisha kwamba mechi mbili ni kama moja ya dakika 180, kwamba goli la ugenini ni mali, na kwamba kuna saa ya kushambulia na saa ya kushika mupira na kunyamaza. Masomo hayo hayakupatikana kwa kutazama picha. Yalipatikana kwa kusafiri Budapest, Bilbao na Setúbal katika kombe ambalo wengine walilichukua kama mzigo.

Wakati huo huo alikuwa anabomoa na kujenga upya. Baada ya kutolewa na Watford katika Kombe la FA mwaka wa 1970, aliwaacha wazee wengi waliompa heshima. Ray Clemence, mlinda lango, na Kevin Keegan, mshambuliaji mfupi asiyechoka, wote wawili aliwatoa Scunthorpe, timu ndogo ambayo wakubwa hawakuiangalia.

Mwaka wa 1972 Liverpool ilimaliza ligi ya tatu, ikiwa na alama 57. Derby County ilikuwa bingwa kwa alama 58. Kwa sababu ya alama moja, Derby ikaenda Kombe la Mabingwa na Liverpool ikaenda Kombe la UEFA, pamoja na timu nyingine 63. Ili kulichukua ilibidi kucheza mechi 12, nyingi kuliko zile za Kombe la Mabingwa lenyewe.

Eintracht Frankfurt ikatolewa kwanza, kisha AEK Athens, kisha Dynamo Berlin na Dynamo Dresden za Ujerumani Mashariki. Katika nusu fainali wakakutana na Tottenham, waliokuwa wanalishikilia kombe hilo. Liverpool ilishinda 1-0 Anfield, ikafungwa 2-1 London. Goli la Steve Heighway pale London ndilo lililowapitisha. Sheria ile ya goli la ugenini iliyomliza Shankly mbele ya Setúbal, safari hii ilimpangusa machozi.

Fainali ilikuwa na Borussia Mönchengladbach. Asidhani mtu kwamba hiyo ilikuwa timu ya kujazia nafasi. Günter Netzer, Jupp Heynckes na Herbert Wimmer walikuwa wametoka kuchukua Kombe la Ulaya la mataifa na Ujerumani Magharibi mwaka wa 1972. Berti Vogts na Rainer Bonhof walichukua Kombe la Dunia mwaka wa 1974.

Tarehe 9 mwezi wa tano 1973, mvua kubwa ilinyesha Anfield na mwamuzi akasimamisha mechi baada ya dakika 27, bado 0-0. Dakika hizo zilimtosha Shankly. Aliona kwamba mabeki wa Wajerumani walikuwa dhaifu kwa mipira ya juu, huku Netzer akiwa amerudishwa nyuma kabisa. Mechi iliporudiwa kesho yake, alimtoa Brian Hall na kumwingiza John Toshack, mshambuliaji mrefu ambaye alikuwa amemweka nje. Toshack akaruka, akateremsha mipira, na Keegan akafunga mara 2. Larry Lloyd akaongeza la tatu kwa kichwa. Keegan alikosa penalti. Upande wa pili Heynckes naye alipiga penalti, na Clemence akaidaka.

Penalti hiyo inafaa kukumbukwa. Tarehe 23, huko Ujerumani, Heynckes alifunga mara 2 kabla ya mapumziko, na Liverpool ilikuwa inapumulia mashine. Wajerumani walichoka katika kipindi cha pili, na matokeo yakabaki 2-0. Kwa jumla ni 3-2. Kama Clemence asingezuia ile moja Anfield, goli la ugenini lingeliwapa wengine kombe. Msimu huo huo Liverpool ilikuwa imechukua pia ligi, na ikawa klabu ya kwanza ya Uingereza kupata ligi na kombe la Ulaya kwa mwaka mmoja.

Mashabiki wa TP Mazembe wanaelewa jambo hili vizuri. Mwaka wa 2016 na 2017 timu yao ilitolewa katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika, ikashuka katika Kombe la Shirikisho, na ikalichukua mara zote mbili.

Shankly alirudi katika Kombe la Mabingwa msimu uliofuata, na Red Star ya Belgrade ikamfunga 2-1 kwake na 2-1 Anfield. Kikao cha chumba cha viatu kikaamua kwamba kuanzia hapo mupira ujengwe polepole kutoka kwa mabeki. Lakini yeye mwenyewe hakukaa kuona matunda. Baada ya kushinda Kombe la FA, tarehe 12 mwezi wa saba 1974 alitangaza kwamba anaacha kazi. Mji mzima ulishikwa na butwaa, na wengi wanaamini alijutia uamuzi huo.

Bob Paisley alirithi kiti. Naye alianzia chini: mwaka wa 1976 alichukua Kombe la UEFA, baada ya kuitoa Barcelona ya Cruyff katika nusu fainali na kuishinda Club Brugge katika fainali. Tarehe 25 mwezi wa tano 1977, mjini Roma, Liverpool ikachukua Kombe la Mabingwa kwa mara ya kwanza, 3-1. Wapinzani walikuwa Borussia Mönchengladbach, wale wale, wakiwa na Vogts, Bonhof, Wimmer na Heynckes. Kati ya wachezaji 11 walioanza kwa Liverpool, 6 walikuwa wameanza pia fainali ya 1973: Clemence, Smith, Hughes, Callaghan, Heighway na Keegan.

Bill Shankly alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 29 mwezi wa tisa 1981, akiwa na miaka 68. Mwaka uliofuata mke wake Nessie alifungua mlango wa chuma wenye jina la Shankly pale Anfield, na mashabiki wanapita hapo mpaka leo.