Askofu Mkimbizi Aliyempangia Mungu Tarehe

Katika ukurasa huu wa watumishi waliotutangulia tumezoea kusoma habari za wamisionari waliotoka kwao wakiwa wametumwa. Safari hii tunamleta mtu ambaye hakutumwa, bali alifukuzwa. Aliishi ukimbizini miaka 42 na akazikwa katika nchi ya watu. Jina lake ni Jan Amos Komenský, ila dunia inamjua zaidi kwa jina la Kilatini, Comenius. Ndugu zetu waliosomea ualimu huenda wamelisikia, maana wengi humwita baba wa elimu ya kisasa. Vyuoni hawasemi sana kwamba alikuwa mchungaji na askofu, wala hawasemi habari za unabii uliomsumbua mpaka uzeeni. Mimi naandika hasa kwa sababu ya hilo la mwisho, kwa kuwa hapa kambini kwetu maneno ya tarehe yamekuwa mengi.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 katika nchi ya Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Alipokuwa na miaka kama 12 wazazi wake walifariki, akalelewa na shangazi. Alichelewa masomo, lakini kanisa lake lilimsaidia akasoma hadi chuo kikuu huko Ujerumani. Kanisa hilo liliitwa Umoja wa Ndugu. Lilitokana na watu waliofuata mafundisho ya Jan Hus, yule mhubiri aliyechomwa moto mwaka 1415, yaani miaka mia moja kabla ya Martin Luther. Mwaka 1616 Comenius alibarikiwa kuwa mchungaji, na mwaka 1618 akaoa na kupewa usharika na shule katika mji wa Fulnek.

Mwaka huohuo vita vilianza. Tarehe 8 Novemba 1620, katika Mlima Mweupe karibu na mji wa Prague, jeshi la Waprotestanti wa Bohemia lilishindwa na jeshi la Kaisari kwa muda wa saa chache tu. Baada ya hapo viongozi waliuawa, mashamba yakanyang'anywa, na wachungaji wakaanza kusakwa. (Siandiki haya kuwachokoza ndugu zetu Wakatoliki ambao tunachota nao maji kwenye bomba moja. Siku zile dini na serikali vilikuwa vimefungwa kamba moja, na kila upande ulitesa pale ulipokuwa na nguvu.) Askari walipoingia Fulnek, Comenius alikimbia peke yake, akaacha mke na watoto wawili wadogo. Hakuwaona tena. Mwaka 1622 wote watatu walikufa kwa tauni. Mwaka uliofuata vitabu vyake navyo vilichomwa moto.

Alikuwa na miaka 30. Alijificha katika mashamba ya tajiri mmoja aliyewahurumia, na hapo ndipo alipoandika kitabu chake juu ya msafiri anayezunguka dunia yote akitafuta kazi na raha, anaona kila kitu ni udanganyifu, mwisho anarudi ndani ya moyo wake na kumkuta Kristo akimngoja. Kitabu hicho kinasomwa mpaka leo na watu wa kwao. Mtu angedhani aliyeandika hayo akiwa na miaka 31 amekwisha kujifunza kumwachia Mungu yote. Bado, wapendwa. Kuandika ni kitu kimoja, na kuishi yale uliyoandika ni kingine.

Mwezi wa Februari 1628, wakati wa baridi kali, alivuka milima kwenda Poland pamoja na mke wake wa pili na kundi la Ndugu. Walifikia katika mji wa Leszno, ambako mwenye mji aliwapokea wakimbizi na kuwapa nafasi ya kuabudu. Wote walidhani watakaa muda mfupi tu. Sisi tunaijua lugha hiyo. Tulipofika hapa, nani alipanda mwembe? Tulipanda mboga za majani, zile za kuvunwa baada ya wiki tatu.

Comenius alifundisha katika shule ya Leszno. Ili watoto wasiteseke na Kilatini kwa kukariri na kuchapwa viboko, alitunga kitabu cha kufundishia kinachoanza na vitu mtoto anavyovijua. Kilitoka mwaka 1631 na kwa miaka michache kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Yeye mwenyewe alishangaa, maana hakukiona kuwa kazi kubwa. Macho yake yalikuwa kwingine. Alikuwa akiangalia barabara ya kurudi nyumbani.

Hapa ndipo penye funzo gumu. Tangu miaka ile ya kwanza walitokea watu waliosema wameona maono. Mmoja alikuwa mtengeneza ngozi aliyeitwa Christoph Kotter, aliyetabiri kwamba mfalme Frederick aliyeshindwa pale Mlima Mweupe atarudi katika kiti chake. Mwaka 1626 Comenius alifunga safari mpaka Uholanzi kumpelekea Frederick maneno hayo kwa mkono wake. Frederick hakurudi, alikufa uhamishoni mwaka 1632. Baadaye alikuwapo binti mmoja, Kristina Poniatowska, aliyeona maono akiwa nyumbani mwa Comenius. Maono yakaisha, akaolewa, akaishi kama watu wengine. Comenius hakukata tamaa. Mfalme mmoja alipokufa, alitafuta mwingine wa kuweka mahali pake.

Tumaini kubwa kuliko yote lilikuwa Uswidi, nchi ya Waprotestanti iliyokuwa ikipigana na Kaisari. Waswidi walimwomba awatungie vitabu vya shule. Kwa muda wa miaka sita, tangu 1642 hadi 1648, alikaa katika mji wa Elbląg akiandika kamusi na sarufi, kazi iliyomchosha. Alivumilia kwa sababu alidhani Uswidi itakapokaa mezani kufanya amani, haitawasahau Ndugu. Mwaka 1648 amani ilitiwa sahihi. Nchi ya Bohemia na Moravia iliachwa kwa Kaisari, na wakimbizi wa Umoja wa Ndugu hawakupewa njia ya kurudi. Comenius alimwandikia waziri mkuu wa Uswidi barua yenye uchungu mwingi, lakini makaratasi yalikuwa yamekwisha kufungwa. Mwaka huohuo mke wake wa pili alifariki, na mwaka huohuo kanisa lilimfanya askofu wake mkuu. Yaani alipewa kundi siku zilezile alizopata habari kwamba kundi halina zizi la kurudia.

Mwaka 1650 aliandika kijitabu kama wosia, ambamo kanisa lake linasema kama mama anayekaribia kufa na kuwagawia watoto urithi. Aliamini kweli kwamba Umoja wa Ndugu unakwisha.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwaka huohuo alikwenda Hungaria kufungua shule, na huko akamkuta mtu aliyesoma naye utotoni, Mikuláš Drabík, mchungaji aliyekuwa ameingia biashara ya nguo. Drabík alisema amepokea ufunuo. Ukoo wa Rákóczi ungeinuka, Kaisari angeangushwa, wakimbizi wangerudi. Wazee wengine wa kanisa walitia shaka, na Comenius naye alisitasita, kisha akaamini. Mwaka 1652 kijana wa ukoo ule aliyetumainiwa, Sigismund, alifariki. Drabík alibadilisha jina, akaendelea kutabiri.

Nisiwafiche, sehemu hii naiandika nikiwafikiria majirani. Tunamjua baba aliyeuza mbuzi na jembe kwa sababu aliambiwa katika maombi kwamba familia yake itapanda ndege kabla ya Pasaka. Pasaka ilipita, na mvua za kupanda zilipita pia. Hatumcheki. Comenius alikuwa msomi kuliko sisi sote, anajua Kiebrania na Kigiriki, na alianguka shimo hilohilo. Mtu aliyepoteza nyumbani ana sikio jepesi kwa yeyote anayetaja nyumbani.

Na lilimgharimu. Alirudi Leszno mwaka 1654. Mwaka uliofuata Waswidi waliivamia Poland, na Comenius, akiona kwamba sasa saa imefika, aliandika maneno ya kumsifu mfalme wa Uswidi. Fikirini, wapendwa: mgeni aliyekaribishwa miaka mingi anamsifu mtu aliyewavamia wenyeji wake! Jeshi la Poland lilipopata nguvu, mwishoni mwa Aprili 1656, Leszno ilichomwa moto. Comenius aliokoka na familia yake. Nyumba iliteketea, maktaba iliteketea, na kamusi kubwa ya lugha yake aliyoifanyia kazi zaidi ya miaka 40 iliteketea pia. Alikuwa na miaka 64. Sisemi moto ule uliletwa na maneno yake peke yake, maana vita vina sababu nyingi. Lakini alijua kwamba watu walimnyooshea kidole.

Alipokelewa Amsterdam na familia ya tajiri aliyekuwa mfadhili wake. Hapo mwaka 1657 alichapisha mambo mawili ambayo mimi nashindwa kuyaweka mezani pamoja. Moja ni mkusanyo wa kazi zake zote za elimu, na lingine ni kitabu cha unabii wa wale watu watatu, Kotter, Kristina na Drabík. Mwaka huohuo Rákóczi mwingine aliingia Poland na jeshi, akashindwa vibaya. Wasomi walimcheka mzee. Mwaka 1658 kikatoka kitabu chake kidogo cha picha kwa watoto, chenye picha ya kitu na jina lake chini. Hicho hakikumpa shida wala aibu, na kilitumika mashuleni Ulaya kwa zaidi ya miaka mia.

Mwaka 1668, akiwa na miaka 76, aliandika kitabu kifupi juu ya jambo moja linalohitajika, kutoka habari ya Martha na Mariamu katika Luka 10. Humo anakiri kwamba maisha yake yote alikuwa msafiri asiye na kwao, na kwamba alizunguka katika vichochoro vingi. Anafika pia kwenye unabii. Hasemi kwamba ulikuwa uongo. Hakuweza kufika hapo. Anasema tu kwamba kama hayo hayatatimia, hataki kumkasirikia Mungu kama Yona alivyokasirika juu ya Ninawi. Wapendwa, hilo ni neno dogo, lakini kwa mtu aliyekimbizana na wafalme miaka 40 ni kama kufungua ngumi iliyokwisha kukauka. Alimrudishia Mungu kalenda yake.

Yeremia aliandika jambo karibu na hilo kwa wakimbizi wa Babeli. Someni sura ya 28 na 29 pamoja, msiitenge moja. Katika sura ya 28 Hanania anawapa watu miaka miwili, na watu wanampenda. Katika sura ya 29 Yeremia anawaambia wajenge, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee mji waliohamishiwa. Hakuwaambia wasahau Yerusalemu. Na Comenius, haki yake tumpe, hata alipokuwa akiwangoja wafalme hakuacha kufundisha watoto wa nchi aliyokuwamo. Wale watoto hawakuwa wa kwao.

Alifariki tarehe 15 Novemba 1670 na kuzikwa katika kanisa dogo mjini Naarden, Uholanzi. Drabík aliuawa na serikali ya Kaisari mwaka uliofuata kwa ajili ya maneno yake.

Yapo yaliyofuata. Comenius aliacha mjukuu wa miaka tisa, Daniel Ernst Jablonski, ambaye baadaye naye aliwekwa kuwa askofu katika mstari wa Ndugu, ingawa kundi lilikuwa dogo sana. Mwaka 1722 wakimbizi wachache kutoka Moravia, wa familia zilizoitunza imani kwa siri, walivuka mpaka usiku na kujenga vibanda katika shamba la Zinzendorf huko Ujerumani. Mahali hapo pakaitwa Herrnhut. Mwaka 1735 Jablonski, akiwa mzee wa miaka 74, aliweka mikono juu ya seremala mmoja wa wakimbizi hao, David Nitschmann, akamfanya askofu. Wakati huo walikuwa wamekwisha kutuma wamisionari wao wa kwanza ng'ambo, mwaka 1732. Na mwaka 1891 watu wa kanisa hilohilo walifika chini ya mlima Rungwe, kusini mwa nchi ambayo sasa ni Tanzania, kisha baadaye Urambo na Sikonge. Wale wetu waliopita Tabora wameyaona makanisa ya Moravian, na wengine waliwahi kulala humo usiku mmoja au miwili wakiwa njiani.